Mwaka Uliopotea Bwera

Mwaka 2021 nilikaa miezi michache Bwera nikifanya ukalimani bila mshahara. Ilianza hivi: tulivuka mpaka tukitokea upande wa Mutwanga, tukaketi chini ya turubai, halafu karani akauliza ni nani hapa anajua Kiingereza. Nikainua mkono. Kiingereza changu nilikisoma kidogo shuleni, na kingine nilikiokota kwenye redio za Uganda, ambazo kule kwetu zinashika vizuri kuliko za Kinshasa. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa benchi, pembeni ya meza, daftari mbele ya karani na mstari wa watu mbele yangu.

Kosa ninalotaka kuliandika lilitoka mdomoni mwangu mwenyewe, kwa hiyo msomaji asitafute mwingine wa kumlaumu.

Mama mmoja alifika na watoto watatu. Wa pili, mvulana, alikuwa na homa, amelazwa juu ya mizigo nyuma ya mstari. Karani akauliza huyo aliyelala amezaliwa mwaka gani. Mama akajibu kama tunavyojibu kwetu: "Deux mille treize." Nikamgeukia karani nikasema: "Twenty thirteen."

Hapa lazima niseme ukweli. Siku mbili kabla ya hapo kijana mmoja wa meza ile alinicheka kwa kusema "two thousand thirteen." Aliniambia hiyo ni ya wazee, siku hizi watu wanasema "twenty". Niliona aibu. Nikaifanyia mazoezi usiku. Kwa hiyo nilipomtajia karani mwaka wa mtoto yule nilikuwa natafsiri, ndiyo, lakini pia nilikuwa najionyesha.

Karani akacheka: "Twenty thirty? Huo haujafika bado, ndugu yangu." Masikio yangu yalisikia kile kile nilichosema, nikajibu: "Yes, sir." Akatikisa kichwa, akafikiri kidogo, akaandika. Daftari lilikuwa limemwelekea yeye na sikulichungulia. Baada ya miezi mingi ndipo nilipojua alichoandika: 2003.

Mtoto wa miaka minane akapanda lori la kwenda kambini akiwa na miaka kumi na minane.

Nitarudi kwa mama huyo. Kwanza nieleze nilichojifunza baadaye, kwa sababu nilipojua kosa nililofanya nilianza kuuliza kila mtu anayejua Kiingereza kuniliko: mwalimu mmoja wa Kasese, muuguzi, dereva wa shirika, hata mchungaji. Swali langu lilikuwa moja: kwa nini nyinyi mnaukata mwaka katikati?

Maana ndivyo wanavyofanya. Sisi wa Kiswahili tukikutana na 1996 tunausoma kama tunavyosoma bei ya ng'ombe: elfu moja mia tisa tisini na sita. Tunaanza na elfu, tunashuka mamia, makumi, mpaka mwisho. Mfaransa naye anashuka ngazi hiyo hiyo. Mwingereza haoni elfu wala mia. Anaichukua 1996 kama mkate, anaukata vipande viwili, 19 na 96, halafu anavisoma kimoja baada ya kingine: "nineteen ninety-six". Akitaja bei ya shilingi 1996 hasemi hivyo. Ni mwaka tu unaokatwa namna hii, pamoja na vitu vichache kama namba za nyumba.

Mwalimu wa Kasese aliniambia hawakuwa wakisema hivyo kila mahali. Kwenye maandishi mazito, ya serikali na ya kanisa, walikuwa wakiutamka mwaka mzima, "mwaka wa Bwana wetu elfu moja mia saba na kadhalika." Katiba ya Marekani ya 1787 inamalizika kwa mwaka ulioandikwa hivyo, kwa maneno marefu. Na hadi leo marais wa Marekani wakitoa tangazo rasmi wanauandika mwaka kwa maneno, elfu kwa elfu. Lakini mdomo wa sokoni hauna subira. Hesabu silabi mwenyewe: kwa Kiingereza 1996 nzima nzima ni silabi 10, iliyokatwa ni 5. Kwa Kiswahili, nikiitamka polepole, napata 14. Sishangai kwamba hata sisi tukiwa kwenye maongezi tunaikata kwa namna yetu, tunasema tu "mwaka wa tisini na sita", karne tunaiacha ijitegemee.

Kuna na njia ya tatu, ya kuhesabu mamia kupita kumi. Mwingereza anaweza kusema "nineteen hundred", yaani mamia kumi na tisa. Kwetu mtu akisema "mia kumi na tisa" atadhaniwa anataja 119. Wafaransa wanayo pia, "dix-neuf cent", na ndiyo wengi wetu tuliolelewa na shule za Kongo tunayoitumia: "dix-neuf cent nonante-six." Kwa hiyo kidogo tulikuwa tumeshazoeshwa mkato huo bila kujua.

Hiyo "nonante" ina historia yake. Waliotufundisha Kifaransa ni Wabelgiji, na Mbelgiji kwa 70 anasema "septante" na kwa 90 anasema "nonante". Mfaransa wa Paris anasema 90 kama ishirini nne na kumi, na 96 kama ishirini nne na kumi na sita. Mtu wa shirika aliyetoka Ufaransa akikutajia mwaka 1996 na wewe unaandika unavyosikia, kalamu imeshaandika 8 kabla hajamaliza. Nimeona daftari zenye 8 zilizogeuzwa 9 kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. Waingereza nao walikuwa na kuhesabu kwa ishirini: Lincoln, kwenye hotuba yake ya Gettysburg mwaka 1863, alitaja miaka 87 tangu 1776 kama ishirini nne na saba. Leo hakuna Mwingereza atakayekutajia umri wake hivyo.

Na kwa nini upande mmoja wa kijito ni "nonante" na upande mwingine ni "ninety"? Kwa wasiofika Bwera: ni mji wa wilaya ya Kasese kwenye barabara inayoteremka mpakani Mpondwe. Mto Lubiriha ndio mpaka, na ng'ambo yake ni Kasindi. Watu wa pande zote mbili ni wamoja; upande huu wanaitwa Bakonzo, ule Banande, na mtu wa soko hahitaji mkalimani kununua mihogo. Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walikaa Brussels wakapanga mipaka ya nchi hizi, na mlima Rwenzori ukagawanywa. Tangu hapo binamu wawili wakitaja mwaka waliozaliwa, mmoja anaukata na mwingine anaushuka ngazi. Kiswahili ndicho kimekuwa kikikaa katikati, kwa wafanyabiashara, kwa askari, na kwa wafanyakazi waliokuja Kilembe kuchimba shaba, hasa baada ya reli kufika Kasese mwaka 1956.

Turudi kwenye mkate. Kuukata katikati kunafanya kazi vizuri kama vipande vyote viwili vina nyama. Shida ni sifuri. Mwaka 1900 hawasemi "nineteen" halafu sifuri sifuri. Wanarudi kwenye mamia, "nineteen hundred". Kuanzia 1901 mpaka 1909 wanaijaza sifuri kwa herufi O, "nineteen oh seven". Wazee wa Marekani walikuwa na neno lao la sifuri, "aught", na mwalimu wangu anasema ukilisikia leo ujue ni mtu wa umri mkubwa au mwigizaji. Kwetu sisi "o" ni mshangao. Kijana wa 2007 akitajwa "twenty oh seven", nimeona kwa macho yangu karatasi ikiandikwa 27.

Halafu ukaja mwaka 2000, ukawatega wenyewe. Kwa desturi yao ungekuwa "twenty hundred". Hakuna aliyesema hivyo. Neno hilo wanalo askari tu, na kwao ni saa: "twenty hundred hours" ni saa mbili usiku. (Mwafrika Mashariki anayetafsiri saa na miaka siku moja anahitaji kupewa chai.) Mwaka ukawa "two thousand", na baada yake "two thousand and one". Mwingereza anaweka ile "and", Mmarekani mara nyingi anaitupa. Wapo wanaosema filamu ndiyo iliyowazoesha: mwaka 1968 ilitoka ile ya Stanley Kubrick aliyoitunga na Arthur C. Clarke, ambayo jina lake linaanza na 2001, na watu wakalitamka kwa elfu kwa miaka 33 kabla mwaka wenyewe haujafika. Mimi naona hata bila filamu wangefika hapo hapo, maana "twenty oh one" inakwama mdomoni.

Kwa miaka 10 hivi, basi, Waingereza walikuwa kama sisi. Walisema elfu mbili na moja, elfu mbili na tano, walishuka ngazi. Mkimbizi aliyejifunza Kiingereza wakati huo alipata bahati. Mwaka 2010 wakagawanyika: wengine "two thousand and ten", wengine "twenty ten". Michezo ndiyo iliyousukuma mkate urudi mezani. Kombe la Dunia la Afrika Kusini, kwenye redio za huku, lilikuwa "twenty ten", na Olimpiki ya London ikawa "twenty twelve". Mtangazaji akishalisema jambo mara mia kwa siku, wewe nani ubishe. Kuanzia hapo kijana akikusikia unasema "two thousand thirteen" anakucheka, kama nilivyochekwa mimi.

Sasa tazama walichotuletea. Kutoka 2013 mpaka 2019, kila mwaka una mwisho wa "-teen": "thirteen, fourteen, fifteen". Na kila mmoja una pacha wake wa "-ty": "thirty, forty, fifty". Asili yake ni ile ile: "-teen" ni kumi iliyoongezwa, "-ty" ni makumi. Mwingereza anavitofautisha kwa mkazo. "Thirteen" anaibana mwishoni na kuivuta, kisha anaifunga na N. "Thirty" anaibana mwanzoni na mwisho anauacha ufe. Lakini Kiswahili kinatia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima. Neno la silabi mbili tunalibana mwanzoni bila kufikiri: KItu, BWEra. Kwa hiyo "thirteen" ya mdomo wangu ilikuwa THÉ-tin, na kwa sikio la karani THÉ-tin na "thirty" ni kitu kimoja. Ile N ya mwisho, chini ya turubai mvua ikinyesha, nani ataisikia?

Kuna jambo moja ambalo muuguzi alinionyesha, na sikuamini mpaka alipolirudia mara kumi. Wenyewe Waingereza wanapounganisha vipande viwili mkazo wa "nineteen" unahama. Ikiwa peke yake wanaibana mwishoni. Ikifuatwa na "ninety" inarudi mwanzoni, ili ngoma isigongane. "NINE-teen NINE-ty." Yaani ile alama ambayo ingetusaidia kutofautisha 19 na 90 wanaiondoa wenyewe hapo hapo kwenye mwaka, ambapo 19 na 90 zimekaa jirani. Kwao haina shida kwa sababu sikio linajua mwaka uko karne gani. Sikio la mtu anayesikia lugha ya tatu, huku akifikiria mtoto mwenye homa, halijui hivyo.

Dereva alinifundisha dawa ya redio. Wanaozungumza kwenye redio za magari na ndege wamekubaliana kutaja tarakimu moja moja, na 9 wanaiita "niner" ili isifanane na "five". Ukimsikia mtu wa shirika anaita "niner" usidhani amekosea. Watu wa redio walikubali mapema kwamba masikio yanadanganya. Kwenye meza ya wakimbizi hakuna aliyeafikiana na mtu.

Nisije nikaonekana nawasema Waingereza peke yao. Kiswahili kina mtego wake, na nadhani ni mbaya kuliko wa kwao. Sita na tisa. Sitini na tisini. Sauti ni zile zile, S na T zimebadilishana viti. Sema haraka "tisini na sita" halafu "sitini na tisa." Zamani Kiswahili kilikuwa na "kenda" kwa 9, neno ambalo halichanganyiki na kitu, na sisi tukaliacha tukabaki na "tisa" ya Kiarabu. Ukiniuliza mimi, ilikuwa hasara.

Mtego huo niliushuhudia Bwera kwa mzee mmoja aliyekuja na fimbo na mjukuu. "Papa, ulizaliwa mwaka gani?" Akanijibu kwa sauti ya chini, "Sitini na sita." Karani mwenyewe alijua Kiswahili kidogo, akasikia "tisini na sita", akamtazama mvi zake, akauliza kama ananidhihaki. Mzee akakasirika. "Mwandikie nilizaliwa wakati nchi ilipotetemeka!" Watu wote wa mstari, wa Bwera na wa Kongo, wakaitikia wakisema ndiyo, ndiyo, huo. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko lilipiga pande zote za Rwenzori, Toro na Beni, likaua watu zaidi ya mia moja. Kwa mzee yule hapakuwa na haja ya namba. Na hapakuwa na hatari ya kuchanganya na tetemeko la Februari 1994 la upande wa Fort Portal, kwa sababu mwaka huo alikuwa ameshaoa.

Watu wa lishe wanaopita kambini kupima watoto wanalijua hili. Wana karatasi wanayoiita kalenda ya matukio: mafuriko, vita, sikukuu, msimu wa maharage. Mama akisema mtoto alizaliwa wakati Nyamwamba ulipofurika ukabeba nyumba za Kilembe, wanatazama karatasi na kuandika Mei 2013. Karatasi hiyo haina lugha ya kukosea. Naisifu kuliko fomu zote nilizoziona.

Na wenyeji wa Kasese wana miaka ambayo wameikata mpaka imebaki jina. "Sixty-two" kwao si namba. Ni mwaka ambao Isaya Mukirane na wenzake walitangaza Rwenzururu, tarehe 30 Juni 1962, kabla Uganda yenyewe haijapata uhuru mwezi wa Oktoba. "Ninety-six" ni Novemba ya 1996, waasi wa ADF walipoingia Mpondwe. "Sixteen" ni 2016, siku mbili za mwisho wa Novemba ambapo majeshi yaliingia kwenye jumba la mfalme pale Kasese na watu zaidi ya mia moja wakafa. Siku moja nilikuwa nanyolewa Kasese, nikamsikia kinyozi anasema "baba yangu alikufa sixteen", nikamuuliza kwa ujinga, "sixty?" Mashine ikazimwa. Akaniambia pole pole, kwa Kiswahili, "Kumi na sita, ndugu. Hapa hapa." Sikuuliza tena mtu mwaka kwa Kiingereza katika mji ule.

Mama yule nilikutana naye tena nilipohamishiwa kambini, kwenye foleni ya bomba. Alinitambua yeye kwanza. "Papa mukalimani! Ulifika na wewe?" Tukasalimiana, tukaulizana habari za waliobaki. Kisha akaniambia shida yake kama unavyomwambia mtu yeyote aliyesoma kidogo. Kwenye kuandikishwa rasmi, wa vidole na picha, orodha ya Bwera ilionyesha ana kijana wa miaka 18. Aliyesimama mbele ya kamera alikuwa na miaka minane. Wakamuuliza yuko wapi kijana. Akasema ni huyu. Wakamuuliza tena, mtu mwingine, kwa lugha nyingine. Yuko wapi? Amerudi Kongo? Amejiunga na nani? Na huyu mdogo ni mtoto wa nani? Faili likawekwa pembeni kwa uchunguzi. Jina la mtoto likakaa nje ya orodha ya chakula miezi saba, na familia ya watu wanne ikala ya watu watatu. Vitenge viwili alivyotoka navyo aliviuza.

"Wanasema nimemuficha kijana. Mimi nitamuficha wapi, chini ya shitingi?"

Nilijua papo hapo. Nilisikia tena ile "twenty thirty" na kicheko cha karani. Ningependa kuandika kwamba nilimwambia pale pale. Sikumwambia. Nilijaza dumu langu nikaondoka, na usiku sikulala. Kesho yake nilienda kwake na kilo mbili za unga, nikamwambia ni mimi, nikamweleza habari ya "thirteen" na "thirty". Alisikiliza mpaka mwisho. Sidhani alielewa habari ya mkazo, na kwa nini aelewe. Akauliza, "Sasa yote haya ni juu ya neno moja?" Nikasema ndiyo. Akachukua unga, akauweka ndani. Akasema, "Basi kesho tunaenda, na utasema wewe mwenyewe."

Alikuwa nayo kadi ya chanjo ya mtoto, ya Kongo, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa ameionyesha tangu mwanzo, lakini iko kwa Kifaransa na kila aliyeiona aliitazama jina akairudisha. Tarehe ya kuzaliwa iko pale kwa tarakimu: 2013. Tarakimu ni zile zile Kasindi, Bwera na London. Afisa wa siku hiyo alikuwa dada mtaratibu. Akaniuliza mtoto amezaliwa mwaka gani. Sikufungua mdomo; niliomba kalamu nikaandika. Akalinganisha na kadi, akauliza ni nani basi aliyesema 2003. Nikasema ni mimi niliyesema na mwingine aliyesikia. Akaniomba niitamke kama nilivyoitamka siku ile. Nikaitamka. Akacheka, akajizuia, akaziba mdomo kwa mkono, kisha akasema pole, mama.

Alituambia wiki mbili. Zilikuwa tano. Tarehe ya mtoto ikarekebishwa kuwa 1 Januari 2013, ingawa kadi inasema Septemba, kwa sababu mfumo ulikuwa umeshajaza Januari mosi kama ulivyotujazia karibu sote. Kambi hii ina sherehe moja ya kuzaliwa kwa mwaka, watu wote pamoja. Chakula cha miezi saba hakikurudishwa. Hakuna fomu yake.

Siku hizi nikiombwa kusaidia kwenye meza naenda na daftari dogo na kalamu mbili. Anayejua kuandika anaandika mwaka wake mwenyewe, asiyejua ananitajia tukio, na karani nageuza kiti changu nimwone anachoandika, apende asipende. Mvulana yuko darasa la tatu. Mama yake ameacha kuniita mukalimani. Ananiita Papa Twenty, na watoto wa kule bombani wamelishika jina hilo, wananipigia kelele kila ninapopita na dumu.